Ng'ombe Asiye na Mwenyewe

Sikuzani wa Zombo hakuwahi kumgusa ng'ombe mpaka alipofikisha miaka hamsini na tisa. Kwao walikuwa watu wa jembe: mahindi, mbaazi, ufuta kidogo wa kuuza, na mpunga pale maji yaliposimama. Ng'ombe alimjua kwa mbali tu, kwa sauti yake, vumbi lake na hasara yake. Mwaka mmoja kundi la wafugaji lilipita katika shamba lake, mahindi yakiwa yamebeba, na jioni ile hakukuta kitu ila mabua yaliyolala. Hakugombana na mtu. Alikaza khanga kiunoni akaanza kung'oa yale mabua, bua moja baada ya jingine, ili kesho yake apande kunde. Watu wa Zombo walisema Sikuzani akiungua moto atauzima kwanza, kisha ndipo aseme ameungua, kama atasema.

Mumewe alikufa zamani. Alibaki na binti mmoja, Siwema, naye Siwema aliachika akiwa na mimba, akarudi kwa mama yake, akajifungua mtoto wa kike wakamwita Zamoyoni. Mtoto alipotimiza miezi sita, Siwema alishikwa na homa siku ya Jumanne. Ijumaa walimzika.

Tangu hapo kwa Sikuzani jambo lilikuwa moja tu: mtoto ale. Zamoyoni alikuwa amezoea ziwa la mama yake, na uji aliutema. Akilazimishwa, aliutapika. Sikuzani akauza ufuta, akanunua makopo mawili ya maziwa. Akauza kuku, akapata kopo moja. Baada ya hapo kilichobaki cha kuuza kilikuwa jembe.

Muuguzi wa zahanati, dada mmoja aitwaye Magreti, alimtundika mtoto kwenye mzani, akaweka nukta kwenye kadi, akaitazama ile nukta kwa muda.

"Bibi," alisema, "huyu anashuka. Uji wa maji hautamlea. Anataka maziwa, na anayataka wiki hii, si mwezi ujao."

"Nimekusikia," akajibu Sikuzani. Akambeba mjukuu wake mgongoni, akaondoka. Hakusema kwamba hana. Lakini Magreti aliwajua watu wa namna ile, na kabla bibi hajafika njia panda alikuwa ameshapiga simu Kilosa.

Siku mbili baadaye mwanamke wa makamo alishuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba, akakung'uta vumbi kwenye gauni. Aliitwa Editha, na alitoka kwenye Mfuko wa Jamii, ule ulioanzishwa na watu wa Kilosa na Mikumi wenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu. Kama unamtafuta mwenyekiti, nyumba yake ile yenye bati jipya."

"Nimekufuata wewe, mama."

"Mimi sijaomba kitu kwa mtu."

"Najua," akasema Editha. "Ndiyo maana tumechelewa."

Sikuzani aliingia ndani. Akamtolea kigoda.

Editha akaeleza. Alisema Mfuko hauna mali yake. Watu wa hapa hapa wanatoa walichonacho, na kila anayetoa anasema nia yake; kazi ya Mfuko ni kuilinda nia hiyo, hata mtoaji akiisahau, hata akifa, na kukiunganisha alichotoa huyu na alichotoa yule mpaka kiwe kitu kamili. Yupo Joyce, anauza wali na kuku wa kuchoma kwa madereva pale Mikumi barabarani. Nia yake ni dawa na chanjo za mifugo.

"Muuza wali anatoa dawa ya ng'ombe?"

"Alisema wengi wanatoa mnyama, hakuna anayetoa sindano."

Sikuzani alicheka, kicheko kifupi, cha kwanza tangu Ijumaa ile.

"Yupo fundi Urbanus," Editha akaendelea, "yeye anatoa siku zake. Siku nne kila mwezi, na nyundo mkononi. Na alikuwepo Mzee Shilinde, mfugaji, Msukuma, aliyehamia huku na kundi lake."

Kusikia mfugaji, Sikuzani alitazama upande wa shamba. Editha aliona, lakini hakukatiza.

"Mkwe wake alifariki akaacha mapacha. Ng'ombe mmoja akawalea wale watoto mpaka wakasimama. Siku ile ile mzee alimleta yule ng'ombe ofisini kwetu, kwa miguu, akamfunga kwenye nguzo ya umeme. Akasema: huyu aende kwenye nyumba yenye mtoto asiye na mama. Mtoto akisimama, ng'ombe aende mbele. Akizaa jike, jike naye aende. Asichinjwe, asiuzwe."

"Mzee mwenyewe yuko wapi?"

"Alifariki miaka saba iliyopita. Ng'ombe wake bado wanatembea. Wako kumi na mmoja sasa, Kidete, Dumila, na Ulaya hii ya hapa Kilosa. Atakayekuja kwako ni mjukuu wa yule wa kwanza."

 Katika maisha yake Sikuzani alikuwa ameona mtu akifa, mali yake inagawanywa, na baada ya mavuno mawili hakuna anayeikumbuka. Hakuwahi kusikia mali ya marehemu ikiendelea na safari peke yake, ikibisha hodi kwa watu ambao marehemu hakuwajua hata kwa jina.

"Mwambie aje," akasema mwishowe. Kisha akajirekebisha, maana waliokuwa wakimleta walikuwa wengi. "Mwambieni."

Wakakubaliana kwamba fundi Urbanus atajenga zizi Jumatatu, na ng'ombe atafika Alhamisi. Editha akaenda zake, na Sikuzani hakumwambia mtu yeyote. Hapo ndipo alipokosea. Aliona si jambo la kutangaza. Aliona ni siri kati yake, mtoto na yule marehemu.

Jumamosi, kabla zizi halijajengwa, Zamoyoni alitapika mara tatu. Sikuzani alimfunga mgongoni akatoka alfajiri kwenda zahanati. Magreti alimpima, akamnywesha maji ya chumvi na sukari, akapiga tena simu Kilosa, safari hii kwa sauti ya juu. Kumbe kule nako walikuwa wameshaamua wasisubiri Alhamisi. Usiku wa kuamkia siku hiyo kenta, lori dogo la mizigo, ilikuwa imeondoka Kidete na ng'ombe na ndama wake, na pamoja nao mwanamke aliyekuwa akimtunza, Marciana. Huo ndio utaratibu wao. Anayemaliza humpeleka ng'ombe kwa anayefuata, akakaa naye siku tatu kumfundisha.

Kenta ilifika Zombo saa tatu asubuhi, ikakuta nyumba imefungwa. Bi Sijali, jirani mwenye mdomo mpana na moyo mpana zaidi, ndiye aliyewapokea.

"Huyu ni ng'ombe wa mtoto, wa Zamoyoni," akasema Marciana, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi. "Ametolewa na Mfuko."

"Ya Rabi," akasema Bi Sijali. "Ingia, mwanangu, ukaoge. Lala kidogo. Haya mengine tuachie sisi."

Nani angemlaumu? Zombo nzima ilijua kwamba Zamoyoni hajafanyiwa akika, ile sadaka ya mnyama anayechinjwa kwa ajili ya mtoto mchanga. Siwema alikuwa akilisema jambo hilo mpaka wiki ya mwisho ya uhai wake: hana mbuzi, na mwanawe hajachinjiwa. Na mnyama anayeletwa kwa jina la mtoto, mlangoni kwa Waislamu waliofiwa, angekuwa wa nini kingine? Basi wakaona wamfanyie Sikuzani kila kitu, akirudi akute kazi imekwisha. Masufuria yakaazimwa. Mchele ukachambuliwa. Wakaenda kumwita Ustadhi Kibwana, mdogo wa marehemu mume wa Sikuzani, ambaye kisu chake ndicho kilichochinja wanyama wote wa sadaka wa mtaa ule.

Sikuzani aliuona moshi kwanza. Kisha akaona watu.  Moshi na watu pamoja maana yake ni msiba, na msiba wa nyumba ile ungekuwa wa nani, wakati wote wawili waliobaki wako njiani? Akapeleka mkono mgongoni, akagusa unyayo wa mtoto. Ulikuwa na joto.

Bi Sijali alimkimbilia kwa vigelegele.

"Usiseme neno! Leo hufanyi kazi!"

"Kuna nini kwangu?"

"Akika! Ya Zamoyoni! Ng'ombe mzima, shoga yangu, sisi tuliozoea mbuzi wa kuchangia!"

Sikuzani akampita. Uani, kwenye majani ya migomba, ng'ombe alikuwa amelazwa ubavu, miguu minne imefungwa, kichwa kimeelekezwa kibla. Vijana wanne walikuwa wamemkalia. Ndama alifungwa kwenye mpapai, akilia. Ustadhi Kibwana alikuwa amekunja mikono ya kanzu, anainama.

 Miaka yote ile Sikuzani alikuwa ameizoeza sauti yake kukaa ndani, na sasa alipoiita ilikawia. Kisha ikatoka.

"Mwacheni!"

Hakuna mtu wa Zombo aliyewahi kumsikia Sikuzani akipiga kelele. Hata vijana walinyanyuka nusu. Ustadhi akageuka.

"Shemeji, mnyama akishalazwa hivi hacheleweshwi, ni kumtesa. Una neno?"

"Huyo si wa kuchinja."

"Ni wa nini, basi? Wa kupanda kwenda mnadani?" akauliza mmoja wa wale vijana, na watu wakacheka.

"Ni wa maziwa. Ni wa Zamoyoni, na baada yake ni wa mwingine."

"Mwingine nani?"

"Simjui."

Kicheko kikapungua. Ustadhi akalainisha sauti, kama mtu anayesema na mgonjwa. "Shemeji, nani anayetoa ng'ombe kwa mtoto asiyemjua?"

"Mzee mmoja, mfugaji."

"Yuko wapi tumuulize?"

"Amekufa."

Watu wakatazamana. Bi Sijali akasema kwa upole mkubwa, "Mleteeni maji akae kivulini. Ni majonzi hayo. Na jua."

Sikuzani aliona kwamba hawamwamini, na kwamba hawamwamini kwa mapenzi, na mapenzi hayajibiwi kwa ugomvi. Mtoto mgongoni akaanza kulia, kilio chembamba kisicho na nguvu. Kisu kilikuwa bado mkononi mwa Ustadhi. Sikuzani akaenda akapiga magoti kwenye majani ya migomba, kati ya kisu na shingo ya ng'ombe, mnyama ambaye maisha yake yote alikuwa akimwogopa, akamlalia.

Wakati huo huo Marciana alitoka nyumbani kwa Bi Sijali, nywele zimevurugika kwa usingizi, ameamshwa na kelele. Aliona kamba, akaona kisu. Hakupiga ukelele wala hakukimbia. Alisimama pale alipo akapiga mluzi, wa chini, mrefu, ukipanda na kushuka, kisha akatamka maneno mawili matatu ya Kisukuma, polepole, kama anayembembeleza mtoto.

Masikio ya ng'ombe yakageuka. Akavuta pumzi ndefu ambayo Sikuzani aliisikia ikipita chini ya kifua chake. Na pale alipokuwa amelazwa, miguu imefungwa, shingo tayari kwa kisu, akaanza kuteremsha maziwa. Chuchu zote nne zilitiririka. Maziwa yalipita juu ya majani ya migomba, meupe, yakitoa povu, yakafika kwenye viatu vya Ustadhi Kibwana.

 Uani kilichosikika ni moto chini ya masufuria na ndama kwenye mpapai.

"Subhanallah," akasema Ustadhi. Akarudi nyuma hatua moja ili asiyakanyage. Akarudisha kisu alani. "Mfungueni. Taratibu. Mfungueni, jamani, mnasubiri nini?"

Wakamfungua. Aliinuka kwa kutetemeka, akajikung'uta, akaitafuta sauti ya ndama wake. Marciana alichota maji yaliyokuwa yamechemshwa kwa ajili ya nyama, akayapoza, akamsafisha kiwele, akakamua. Wakachemsha maziwa kwenye kisufuria kidogo katikati ya masufuria makubwa yaliyokuwa matupu, wakayapoza kwa kuyamimina kikombe hadi kikombe. Sikuzani alikaa kizingitini, akampakata Zamoyoni, akamwekea kijiko mdomoni.

Mtoto alikunja uso. Akalamba. Akameza. Akafungua mdomo.

Watu zaidi ya arobaini, waliokuja kula nyama, walisimama wakimtazama mtoto mmoja akinywa maziwa. Hakuna aliyekaa. Walihesabu vijiko kimoyomoyo, na kijiko cha mwisho kilipokwisha na mtoto akakaa na tumbo lake bila kutapika, Bi Sijali alijifunika uso kwa upande wa khanga akalia kwa sauti. Baadaye alikwenda kwake akaleta mbaazi zake zote, na wali wa siku ile ukaliwa kwa mbaazi.

"Nimechinja miaka thelathini," alisema Ustadhi akimega tonge, "leo ndiyo mara ya kwanza nimeshibishwa na mnyama aliye hai."

Siku tatu Marciana alilala kwa Sikuzani. Fundi Urbanus alifika Jumatatu na nyundo yake, na vijana wale wanne waliomkalia ng'ombe walimbebea nguzo bila kuambiwa. Daktari wa mifugo alikuja na sindano za Joyce. Sikuzani akajifunza. Siku ya kwanza ng'ombe aliipiga teke ndoo.

"Unakamua kama unang'oa magugu, mama," akasema Marciana. "Hapa hakuna gugu."

Siku ya pili yakatoka kiasi cha kikombe. Jioni hiyo Sikuzani aliuliza, "Yale maneno unayomwambia, maana yake nini?"

"Sijui." Marciana alicheka. "Mimi ni Mkaguru wa Kidete, Kisukuma sijui hata salamu. Nilifundishwa na Lightness wa Dumila, alipomleta ng'ombe kwangu. Yeye naye alifundishwa na mke wa Mzee Shilinde. Huyo mke, aliyefundishwa na mzee mwenyewe, ndiye aliyejua maana yake."

Sikuzani aliacha kukamua. Alijaribu kuliweka jambo hilo sawa kichwani, likawa kubwa kuliko kichwa. Pumzi ya mtu aliyekwisha kuzikwa ilikuwa imetoka kinywani mwake ikaingia kwa mkewe, ikapokelewa na wanawake ambao hawakupata kumwona, na sasa ilikuwa ikimsubiri yeye aipokee kwa midomo yake, yeye mtu wa jembe, aliyewahi kumlaani kila mwenye ng'ombe. Siku ya tatu, alfajiri, alipiga ule mluzi. Ulitoka vibaya. Ng'ombe alimsamehe.

Nukta kwenye kadi ya Zamoyoni ilisimama mahali pamoja wiki mbili. Kisha ikapanda. Mwezi uliofuata ikapanda tena, na Magreti alimwita mwenzake kutoka chumba cha pili aje aione.

Mwaka ukapita. Zamoyoni akatembea, akala ugali, akajua kuvuta mkia wa ndama. Sikuzani naye akamzoea ng'ombe kama mtu anavyomzoea mgeni aliyekaa mpaka akawa ndugu. Maziwa yaliyobaki aliwapa wazee wa jirani. Jioni alikaa zizini bila kazi, anasikiliza ng'ombe akicheua, na alijiambia bado ni mapema, mtoto ni mdogo bado, hakuna atakayeuliza.

Simu ya Editha ilikuja wakati wa palizi.

"Mama, yupo mtoto Magole. Mama yake amefariki. Baba yake ni kijana, anaitwa Samson, analima mpunga, na hana mtu. Lakini Zamoyoni hajatimiza miaka miwili. Ukisema umkalishe mpaka mwisho wa mwaka, hakuna atakayekulaumu. Tutatafuta njia nyingine."

Sikuzani alitazama uani. Zamoyoni alikuwa amekaa vumbini na kikombe chake, mdomo umezungukwa na weupe. Kumnyima maziwa mjukuu wake kulimwuma mahali ambapo hakujua bado pana maumivu. Alikaa na simu sikioni mpaka Editha akauliza kama mtandao umekatika.

"Huyo wa Magole ana miezi mingapi?"

"Sita."

"Leteni gari kesho," akasema Sikuzani. "Na mwambieni huyo baba awaambie majirani zake wote. Wote. Aanze na mwenye kisu."

Zamoyoni akabaki kwa Bi Sijali, na Sikuzani akapanda kenta pamoja na ng'ombe na ndama wake. Magole walikuta kijana mrefu, macho mekundu, amesimama mlangoni na mtoto begani kama mtu aliyeshika chungu cha maji ya moto. Aliamkia, "Shikamoo mama," mara mbili, kwa kuchanganyikiwa.

"Mama, mimi sijawahi kukamua," alisema. "Hata mbuzi."

"Kaa hapa." Akamkalisha kando ya kiwele, akaichukua mikono yake, mikono migumu ya jembe kama yake mwenyewe, akaiweka panapostahili, na juu yake akaweka yake. Ndoo ilianza kulia, kidogo, kisha kwa mfululizo. Yule kijana alikodoa macho kama aliyechimba akakuta maji.

"Mzee aliyetoa huyu ng'ombe nimshukuruje?"

"Hata mimi nilijiuliza," akasema Sikuzani. "Chemsha kwanza, mtoto ana njaa."

Siku tatu zilipokwisha alipaswa kuwahi gari la asubuhi la kurudi Kilosa. Alishaaga, mkoba uko kwapani. Lakini ndani mtoto wa Magole alikuwa amepakatwa na baba yake, anapewa kijiko, na Sikuzani alisimama mlangoni akitazama. Mtoto alikunja uso, akalamba, akameza. Barabarani gari lilipiga honi mara moja, kisha mara ya pili, na Samson akamwambia, "Mama, utaachwa," naye alisikia vizuri kabisa, ila miguu haikutaka kuondoka kabla kijiko kinachofuata hakijafika mdomoni.